Friji Yangu Haihitaji Bando

Wasee, leo nitakosana na watu, na wengine wao tunafanya hii kazi pamoja.

Kuna barua pepe imekaa kwa simu yangu siku kumi na moja. Kampuni moja inataka niwafanyie video tatu za kidude chao cha kudhibiti joto. Unakiunganisha na friji, unafungua apu, unaambia friji ikae digrii 18, unaenda zako tao. Doh wanayotoa ni kodi yangu ya nyumba miezi miwili. Kwa mtu aliyeacha kampasi mwaka wa pili kwa sababu ya karo, hiyo si pesa ya kucheka nayo. Nimekataa. Nitawaambia kwa nini, lakini lazima nipitie kwa bia ya binamu yangu, mayai ya dada mmoja wa Kitale, na usiku mmoja nilipopasha ndoo nzima ya maji nikiwa nimelala fofofo.

Kwanza tuwekane sawa. Bia inayozungumziwa hapa haitengenezwi kwangu. Inatengenezwa Minnesota, kwa gereji ya binamu, mahali anaruhusiwa. Huko Marekani rais Jimmy Carter alitia saini sheria mwaka 1978 iliyowaondolea watu ushuru wa bia ya kujitengenezea nyumbani: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bora usiuze. Majimbo mengine yalijikokota. Alabama na Mississippi zilikubali mwaka 2013 ndio hiyo. Hapa kwetu sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni, na mimi sina. Na wewe ambaye hujafika 18, soma ya friji uachane na ya glasi. Kila kitu nitakachosema hapa kinafanya kazi vilevile kwa mala, kwa yogati na kwa mayai ya kuangua.

Sasa twende.

Ukiuliza watu bia nzuri inatoka wapi, watakwambia ni mapishi. Ati kimea gani, hopsi gani, maji gani. Binamu alidhani hivyo pia. Alinunua kila kitu kizuri, akafuata maagizo neno kwa neno, na bia yake ya kwanza ikatoka na harufu ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ya pili hivyo hivyo. Shida haikuwa kimea. Shida ilikuwa joto.

Hamira ni kiumbe hai. Ukiitia kwa maji ya kimea inakula ile sukari, halafu inatoa vitu vitatu: kileo, gesi na joto. Hicho cha tatu ndicho watu husahau. Chukua ndoo ya lita 20 yenye kilo mbili hivi za sukari ya kimea. Joto linalotoka humo kwa siku chache, kama lingebaki lote ndani, lingepandisha ndoo zaidi ya digrii 10. Linavuja, sawa, lakini si lote. Ndiyo maana chumba kinaweza kusoma 20 na bia yenyewe iko 24, huku mwenyewe ameketi anaangalia themomita ya ukutani akijipongeza. Bia za aina ya ale nyingi zinataka digrii 18 hadi 20. Lager zinataka baridi zaidi, 8 hadi 13. Ukipitisha juu sana, hamira inakimbia na kutoa vileo vizito vinavyochoma koo. Ukiteremsha ghafla inalala, na kazi inabaki nusu.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku kutengeneza bia miezi ya kiangazi, kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Septemba, kwa sababu ya joto iliyotoka ilikuwa mbaya. Yaani kalenda ndiyo ilikuwa themostati yao. Na zile friji tunazoweka soda? Mjerumani Carl von Linde alipounda mashine zake za baridi miaka ya 1870, waliomuunga mkono mapema walikuwa watengenezaji bia wa Munich. Friji kwa sehemu kubwa ni mtoto wa kiwanda cha bia. Shosho yangu naye hakuwa na Linde. Enzi zake kibuyu cha muratina kilikaa karibu na meko, kikafunikwa blanketi, na alikuwa akiweka nyuma ya kiganja pale kando, anatulia kidogo, kisha anasogeza kibuyu inchi mbili hivi. Kihisi, ubongo, na mkono wa kurekebisha, vyote viko palepale. Kumbuka hiyo picha ya shosho, nitairudia.

Binamu aliposhtuka kwamba shida ni joto, alifanya kile sisi wote tumefunzwa kufanya. Alinunua kitu cha smati.

(Zamani smati alikuwa mtu amepiga pasi. Siku hizi ni kijiko chenye nenosiri.)

Kilikuwa kizuri, sitadanganya. Kisanduku cheusi, taa ya bluu, grafu kwa simu. Alikiunganisha na friza ya zamani kwa gereji na wiki tatu kikafanya kazi. Kisha Julai moja ikaja dhoruba, stima ikapepesa kama sekunde mbili, ikarudi. Friza ilikuwa tayari kuendelea. Kisanduku hakikuwa tayari. Kilipowaka kilitaka kwanza kuingia kwa akaunti, na wikendi hiyo seva za hiyo kampuni zilikuwa kwa marekebisho. Kikabaki kinazungusha ile duara ya "inaunganisha". Gereji ikapanda. Bia ilikuwa siku ya pili, saa ile hamira iko na hasira zaidi. Jumapili jioni alipochovya themomita ya kawaida ndani alipata 27.

Alinipigia video, amekaa juu ya ndoo imegeuzwa. "Buda, nimelipa pesa ndiyo friza yangu isiwake?"

Nilicheka. Nilikuwa na haki ya kucheka? Sikuwa nayo, na hapa ndipo naanza kuaibika.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya video ya kulipwa kuhusu plagi ya smati. Dakika nne, muziki mzuri, mimi nikitabasamu kama mtu wa dawa ya meno. Nilionyesha vile unaweza kuweka sharti kwa apu: joto likipita kiasi fulani, plagi ijizime. Nilisema, kwa mdomo huu huu, kwamba unaweza kuitumia hata kwa kuangulia vifaranga. Sikuwa nimejaribu. Niliisoma kwa karatasi niliyotumiwa.

Dada mmoja wa Kitale aliamini. Alikuwa na kiangulio cha kujitengenezea, sanduku la mbao na balbu, mayai sitini. Mayai ya kuku yanataka digrii 37.5 hivi kwa siku 21, na hayasamehi. Alinunua plagi, akaweka lile sharti. Siku ya kumi na saba intaneti ya kwao ilipotea mchana. Hapa ndipo kuna siri ambayo ile karatasi haikuandika: sharti halikukaa ndani ya plagi. Lilikaa kwa seva, ng'ambo huko. Kihisi kinatuma joto ng'ambo, ng'ambo inafikiria, ng'ambo inarudisha amri ya kuzima. Waya ukikatika katikati, plagi inabaki vile ilivyokuwa. Ilikuwa imewaka. Ikaendelea kuwaka. Aliporudi jioni sanduku lilikuwa jiko.

Hakunitukana. Aliandika tu, "Video yako haikusema inategemea intaneti." Nilisoma hiyo sentensi nikiwa kwa mathree ya Umoja na sikujua niangalie wapi.

Kwa hivyo nikisema naandika hii nikiwa na hasira, mjue sehemu kubwa ya hasira ni yangu mwenyewe.

Hoja yangu ni hii, na nitaisema bila kuzunguka: kifaa kinacholinda kitu kinachoweza kuharibika, iwe bia, mayai, maziwa au dawa, kama hakiwezi kufanya uamuzi wake kikiwa peke yake gizani, hicho si kidhibiti. Ni rimoti ya bei ghali. Na sisi tunaotengeneza kontenti tunaouza rimoti kama vidhibiti tunawadanganya.

Mtasema naongezea chumvi. Haya, tuangalie. Seattle kulikuwa na kampuni inaitwa PicoBrew, iliuza mashine za kutengeneza bia nyumbani ambazo zilichukua mapishi kutoka kwa seva za kampuni. Mwaka 2020 kampuni ikaanguka. Waliokuwa wamelipa mamia ya dola wakabaki wanaulizana mashine zitakuwa nini seva zikizimwa, hadi wengine wakakaa chini kuandika seva zao wenyewe ndiyo mashine waliyonunua iendelee kuwa mashine. Januari 2016, themostati za Nest, za Google hizo, zilipata hitilafu ya programu, betri zikaisha, watu wakaamka nyumba za barafu katikati ya baridi. Hayo ni huko stima na intaneti zinatulia.

Sasa njoo nyumbani. Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya konokono. Tarehe 25 Juni 2024 sihitaji kuwakumbusha mlikuwa wapi na intaneti ilifanya nini. Na hiyo ni ile mikubwa ya kuingia kwa habari. Bado sijataja bando kuisha, waifai ya ploti ambayo mwenye nyumba anaizima, fundi aliyekata waya akichimba mtaro. Mtu anayeuza kitu cha kutegemea seva kwa Mkenya na hasemi, huyo anajua anachofanya. Au kama mimi, hajasumbuka kujua.

Basi nikamwambia binamu, achana nacho, nitakuandikia mimi. Kiburi hicho. Nilikuwa nimesoma mihula mitatu ya uhandisi, pamoja na lile somo la mifumo ya udhibiti ambalo tulichora milinganyo ubaoni wiki kumi na tatu na hakuna siku tulishika hata relei moja. Nilipoleta wazo la mradi, kudhibiti joto la uchachushaji, mhadhiri aliuliza kama nataka kufungua baa. Darasa likacheka. Sitataja ni kampasi gani, haijalishi, wengi wenu mna mhadhiri kama huyo.

Nilienda Luthuli nikanunua vihisi viwili vya DS18B20, vile vya kichwa cha chuma visivyopita maji, relei, na kompyuta ndogo ya saizi ya kidole. Kihisi kimoja kilinitoka chini ya mia nne. Nikachukua friji ya mtumba isiyokuwa na rafu, nikaweka ndoo ya lita 20 za maji matupu ndani, nikaweka na balbu ya wati 60 ndani ya mkebe wa rangi uliotobolewa. Mkebe ni wa kuzuia mwanga, mwanga unaharibu ladha ya hopsi, na nilitaka kila kitu kiwe kama kwa binamu. Upande wa stima ya ukutani nilimlipa fundi wa mtaa. Nakuomba ufanye hivyo pia. Volti 240 hazijui wewe ni mbunifu.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na akili ya kuku. Joto liko chini ya 18, washa balbu. Liko juu, washa friji. Imeisha. Nikajisikia genius, nikalala.

Usiku waya wa kihisi ulichomoka kidogo. Sasa, ile maktaba ya programu niliyotumia, kihisi kikipotea haikwambii "kihisi kimepotea". Inakurudishia namba. Inasema −127. Programu yangu ikaangalia −127, ikasema maskini, hii ndoo inaganda, ikawasha balbu. Na ikaendelea kuwasha hadi asubuhi kwa sababu kila ikiuliza inaambiwa −127. Niliamka maji yakiwa 33. Ingekuwa bia ya binamu, ni ile ile hadithi. Ingekuwa mayai, ni Kitale tena. Na hakuna kampuni ya kulaumu, seva haikuwepo, ni mimi na ujinga wangu.

Naisimulia kwa sababu kuna wale watakaosoma hii wadhani nasema "jitengenezee, cha kujitengenezea ni kizuri". Hapana manze. Cha kujitengenezea kinaweza kuwa kibaya zaidi. Tofauti ni kwamba nilijua palepale kilichofanyika, nikakirekebisha kwa mistari michache. Kihisi kikisema −127, au 85, ambayo ni namba kinachoamka nayo kabla hakijapima kitu, usiamini. Zima balbu, zima friji, piga kelele. Wale wa kisanduku cha taa ya bluu walimtumia binamu barua ya "tunathamini uvumilivu wako".

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi na nadhani ndilo lenye utamu. Mahali pa kuweka kihisi.

Ukikiweka kining'inie hewani ndani ya friji, kinapima hewa, na hewa ni mwongo. Fungua mlango sekunde kumi, hewa inapanda digrii tano, kompresa inaamka kwa fujo, na ndoo yenyewe haijasikia chochote. Lita 20 za maji ni zito. Kuzipandisha digrii moja unahitaji kama kilojuli 84. Balbu yangu ya wati 60 inachukua dakika 23 hivi, na hapo ni kama hakuna joto linalopotea. Kwa hivyo unabandika kihisi kwa ubavu wa ndoo, unakifunika na sponji ili kisisikie hewa. Vizuri. Lakini sasa umepata shida ya upande wa pili. Kihisi cha ndoo kiko polepole. Friji inapuliza baridi, hewa imeshafika 2, ndoo bado inasema 19. Inapuliza zaidi. Ndoo inafika 18, friji inazima, lakini ile baridi yote iliyojazana inaendelea kuingia, unajikuta 16.5. Balbu inaamka. Balbu inapitiliza. Friji inaamka. Usiku mzima vinapigana kama mabeste waliokosania deni, na anayelipa tokeni za stima ni wewe.

Dawa ni kutumia vihisi vyote viwili. Cha ndoo kinasema tunataka kwenda wapi. Cha hewa kinasema tumekimbia kiasi gani. Ndoo ikiwa 19 na tunataka 18, programu haiambii friji "puliza hadi ufike". Inaiambia hewa isishuke chini ya 12, tuseme, na kadri ndoo inavyokaribia ndivyo hewa inavyoruhusiwa kupanda. Ndoo inateleza mpaka 18 na kutulia. Sikuvumbua mimi. Kuna mradi wa wazi unaitwa BrewPi, ulianzia Uholanzi, unatumia kihisi cha bia na cha friji, na hata unajifunza friji yako hupitiliza kiasi gani. Unaisoma programu yenyewe bure, mstari kwa mstari. Nilijifunza udhibiti kwa hiyo wiki mbili kuliko zile kumi na tatu za ubaoni.

Halafu kuna kompresa. Kompresa ikizimwa na kuwashwa tena papo hapo inaumia, shinikizo halijasawazika. Kwa hivyo mpe dakika tano za kupumua, na hizo dakika zihesabiwe hata stima ikitoka kupotea. Na ile digrii unayotaka iandikwe kwa kumbukumbu isiyofutika, ili kifaa kikiamka gizani kijue kazi yake bila kumpigia mtu yeyote.

Kama hutaki kuandika programu, hakuna aibu. Kuna kisanduku kidogo kinaitwa STC-1000. Hakina waifai, hakina akaunti, hakina jina zuri. Kina vitufe vinne na namba nyekundu. Unaweka F1 ni joto unalotaka, F2 ni kiasi cha kuruhusu liyumbe, F3 ni dakika za kupumzisha kompresa, F4 ni kurekebisha kihisi kikidanganya. Kina relei ya kupasha na ya kupoza. Watengenezaji bia wa nyumbani wamekitumia miaka na miaka. Hakitawahi kunilipa nikifanyie video. Labda ndiyo maana hujawahi kukiona kwa ukurasa wa mtu yeyote mwenye taa za rangi nyuma.

Nikiwa hapo kwa F4, mfano mmoja wa nyumbani. Nilitaka kuhakikisha vihisi vyangu ni vya ukweli. Barafu na maji: vikasoma karibu sifuri, safi. Maji yanayotokota: vikasoma 94. Nikaenda Luthuli nimevimba, nikamwambia yule jamaa ameniuzia takataka. Akanitazama akasema, "Kijana, wewe unaishi wapi?" Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Maji huku yanatokota kwa 94 hivi. Mia ni ya Mombasa. Sasa fikiria mashine ya kujiendesha iliyoandikwa na mtu wa ufuoni, yenye hatua inayosema "ngoja hadi 100 kisha weka hopsi". Huku itangoja hadi Yesu arudi. Apu ya mbali haijui uko wapi. Shosho alijua.

Najua mtakachosema. "Lakini nataka kuona grafu nikiwa kazini." Ona! Hata binamu anaona. Kisanduku chake kinatuma namba kwa simu kila dakika. Lakini kinatuma tu. Intaneti ikikufa hakuna kinachobadilika kwa ndoo, ni grafu inayokatika. "Lakini si kila mtu ana wakati." Kubali. Basi nunua, lakini kabla ya kulipa muulize muuzaji swali moja: nikichomoa waifai sasa hivi, kitaendelea kufanya kazi, na nikikizima na kukiwasha bila waifai, kitaamka? Akianza kukueleza kuhusu usajili wa kila mwezi, rudisha pesa mfukoni. Na wewe krieta mwenzangu, swali hilo linachukua dakika moja kujaribu. Chomoa. Subiri. Rekodi. Kama huwezi kuweka hiyo dakika kwa video ya dakika nne, sema ukweli kwamba unasoma karatasi.

Ndiyo, nimesikia pia wanaosema krieta mdogo hana nguvu ya kukataa, kwamba nikikataa mimi mwingine atachukua. Atachukua. Najua hata ni nani, alinipigia kuniuliza wanatoa ngapi. Nilimwambia bei, nikamtumia na sentensi ya dada wa Kitale. Hajajibu bado.

Ile video ya plagi sijaifuta. Nilifikiria, lakini kufuta ni kama haikutokea. Nimebandika juu yake maelezo kwa herufi kubwa, na dada wa Kitale nimemtumia STC-1000 na kihisi cha ziada. Alichukua siku mbili kukubali. Aliniuliza kwanza kama inahitaji intaneti. Sasa yuko siku ya tisa na trei mpya.

Na binamu? Jana usiku mtandao wa nyumbani kwake ulikatika tena, dhoruba ingine. Leo alinipigia kwa laini ya simu ya kawaida, sauti inakwaruza, yuko gereji. Nilimuuliza kiskrini kinasema nini.

"Kumi na nane nukta tatu," akasema. Kisha nikasikia kifuniko cha friza kikifungwa.